Gramu 21 za roho: je, sayansi inaweza kututhibitishia akhera?

Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za jioni.

Nimeombwa nijibu swali moja: je, sayansi inaweza kumpa mtu sababu ya kuamini maisha baada ya kifo? Mimi ni muumini, akhera naiamini, na nalisema mapema ili asiwepo wa kujiuliza nimesimama upande gani. Lakini jibu langu ni kwamba sayansi haijafika huko. Wanaotutumia ujumbe wa WhatsApp kwamba imeshafika wanaiumiza dini, na sayansi nayo wanaiumiza.

Tuanze na zile gramu 21 zinazodaiwa kuwa ni uzito wa roho, maana siku hizi nazisikia hata misibani. Daktari mmoja wa Haverhill, Massachusetts, nchini Marekani, Duncan MacDougall, aliweka kitanda juu ya mizani kubwa na kuwalaza wagonjwa mahututi, mmoja baada ya mwingine, jumla yao sita. Wengi aliowachagua walikuwa wa kifua kikuu, kwa sababu mgonjwa aliyedhoofika kiasi hicho hufa bila kujitupatupa, na mizani haitikisiki. Matokeo aliyatangaza mwaka 1907. Mgonjwa wa kwanza alipokata roho, uzito ulipungua kwa takriban gramu 21.

Hapo ndipo habari inapokatwa na kusambazwa. Haisemwi kwamba wagonjwa wawili aliwatoa kwenye hesabu yeye mwenyewe, wala kwamba waliobaki hawakutoa jibu linalofanana. Haisemwi pia kwamba alipima mbwa 15, hakuona upungufu wowote, na kwake hilo likaafiki imani kwamba mbwa hana roho. Gramu 21 ni za mtu mmoja, zilizopimwa mara moja. Mhubiri anayeziweka mbele ya wafiwa anawapa kitu ambacho kijana yeyote mwenye simu atakibomoa kabla ya arobaini.

Kuna kazi nzito zaidi, na hiyo naiheshimu. Mwaka 2001 daktari wa moyo wa Uholanzi, Pim van Lommel, na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 344 ambao mioyo yao ilisimama wakafufuliwa katika hospitali kumi. Kati yao 62, yaani asilimia 18, walisimulia jambo: mwanga, ndugu waliotangulia, amani kubwa, wengine kujiona wako nje ya mwili. Hawa si waongo. Yeyote aliyekaa na mtu wa namna hii anajua jinsi anavyosimulia, na jinsi maisha yake yanavyobadilika baadaye.

Ila kuna njia ya kupima: kama kweli mtu ametoka mwilini na anatazama toka juu, basi aone kitu ambacho aliyelala kitandani hawezi kukiona. Daktari Sam Parnia na wenzake wakafanya hivyo hasa. Karibu na dari za vyumba vya wagonjwa walifunga rafu, na juu ya kila rafu wakaweka picha inayotazama dari. Muuguzi haioni, mgonjwa haioni. Atakayeiona ni yule tu aliye juu yake. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Bwana mmoja wa miaka 57 alieleza vizuri mambo yaliyotendeka wakati moyo wake umesimama, hata sauti ya mashine iliyokuwa ikiamuru moyo wake ushtuliwe kwa umeme. Maelezo yake yalilingana na yaliyotokea. Lakini chumba alichokuwamo hakikuwa na rafu! Nilipolisoma hilo niliumia, maana pale pale palikuwa na nafasi ya kujua.

Na hata angeitaja picha, bado pangebaki jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Watu wote waliohojiwa katika tafiti hizi walirudi. Ubongo wao haukuoza. Ulikosa damu kwa muda, kisha ukapata. Mtafiti Jimo Borjigin wa Michigan alipima panya mwaka 2013 na kukuta kwamba moyo ukishasimama, ubongo unawaka kwa mawimbi ya umeme yenye mpangilio kwa sekunde kadhaa. Mwaka 2023 timu yake ilionyesha wimbi kama hilo kwa wagonjwa wawili kati ya wanne waliokuwa wakifa. Kwa hiyo ushuhuda huu unatoka mlangoni. Aliyevuka akazikwa hakuna hospitali iliyomhoji, na dini zetu zimelisema hilo siku zote: ni mambo ya ghaibu. Sioni aibu yoyote katika kukiri hivyo.

Parnia alirudia kazi yake, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Safari hii mioyo 567 ilisimama hospitalini, wakaruhusiwa kwenda nyumbani watu 53 tu, wakahojiwa 28. Picha iliyoonyeshwa kwenye kompyuta ndogo hakuna aliyeitambua. Masikioni waliwekewa sauti inayotaja majina ya matunda matatu, na mmoja aliyatambua. Zaidi ya hapo, baadhi ya wagonjwa waliopimwa ubongo walionyesha mawimbi yanayokaribia ya kawaida hata baada ya dakika 35 hadi 60 za kukandamizwa kifua.

Hili halitupi akhera, lakini linawahusu wauguzi na madaktari mlioketi humu. Mkiwa juu ya kifua cha mtu, msiseme "huyu keshakwenda" wala kuulizana nani atawaambia ndugu. Mwiteni kwa jina lake, mwambieni mnachomfanyia, na ndugu akiomba kumsomea dua au sala sikioni, mpeni nafasi asome.