Stering Anapokufa

Mabibi na mabwana, wazee wetu, na nyinyi vijana mliokuja mkidhani tunamwonyesha James Bond, hamjambo. Asanteni kwa kuvumilia foleni ya Uhuru Highway, na asanteni zaidi kwa kukaa karibu saa mbili mkitazama filamu isiyo na rangi.

Sisi wa Nairobi tumelelewa na sheria moja ya sinema: stering, yaani mhusika mkuu, hafi. Apigwe risasi, atupwe mtoni, afungiwe ndani ya nyumba inayoungua, DJ Afro, yule msimuliaji wa filamu za vibandani, atakuhakikishia kwamba anarudi, na kila aliyebanana kwenye kibanda cha video analijua hilo kabla hata ya kulipa. Sasa hivi mmemwona Richard Burton yuko juu ya Ukuta wa Berlin, wenzake wa Magharibi wanamwita aruke, naye anageuka na kushuka upande uleule wenye bunduki. Stering amekufa, tena kwa hiari yake. Filamu yenyewe, The Spy Who Came in from the Cold, ni ya 1965. Nyingi za rika lake zilizoitii sheria ya stering zimesahaulika. Hii watu bado wanaitafuta.

Historia nitaipitia haraka. Ukuta ulianza kujengwa tarehe 13 Agosti 1961. John le Carré, ambaye jina lake halisi ni David Cornwell, alikuwa jasusi wa Uingereza akijifanya mwanadiplomasia mjini Bonn, na riwaya iliyozaa filamu hii aliiandika akiwa bado analipwa mshahara huo. Ilitoka 1963, miezi michache kabla ya bendera yetu kupandishwa. Ndiye huyohuyo aliyekuja baadaye kuandika The Constant Gardener, ambayo filamu yake ilipigwa hapahapa, Kibera ikiwemo. Kwa hiyo msimwone mgeni sana.

Mwaka huo wa 1965 Bond alikuwa akipigana chini ya bahari katika Thunderball, kwa rangi zote. Mwongozaji wetu, Martin Ritt, na mpiga picha wake Oswald Morris, wakachagua nyeusi na nyeupe. Mwaona mvua, makoti mazito, ofisi zisizo na raha, na mwanamume wa makamo anayehitaji kulala.

Mimi napenda sana tukio la dukani. Leamas, huyo jasusi wa Burton, amefutwa kazi, au tuseme ameagizwa aonekane amefutwa. Hana pesa. Anaingia kwa muuza vyakula wa mtaani, anataka achukue vitu vyake na kulipa baadaye. Mwenye duka anakataa. Hakuna hapa asiyewahi kusimama mbele ya kaunta kama ile, kibandiko cha “Kukopa harusi, kulipa matanga” kikimkodolea macho. Leamas anamchapa ngumi mzee wa watu, na anaishia jela.

Yule mwenye duka ni Bernard Lee. Waliozoea Bond wanamjua: ndiye M, bosi wa 007 tangu filamu ya kwanza ya 1962. Hapa amevaa aproni na anakula ngumi kwa sababu ya mkopo! Sijui kama Ritt alikusudia utani huo. Mimi nimecheka kila mara.

Lakini itazameni ile ngumi vizuri. Leamas anaigiza mlevi mwenye uchungu ili majasusi wa Ujerumani Mashariki wamwone, wamnunue. Tatizo ni kwamba kweli ni mlevi mwenye uchungu. Mtu wake wa mwisho Berlin amepigwa risasi mbele ya macho yake akijaribu kuvuka na baiskeli. Burton hatuonyeshi pale uigizaji unapokoma na mtu anapoanza, na nadhani Leamas mwenyewe hajui.

Na hapo ndipo filamu inapotunasa. Tunaambiwa, sawa na Leamas, kwamba kazi ni kumwangusha Mundt, mkuu katili wa upelelezi upande wa pili. Anatoa ushahidi wa uongo, na Fiedler, msaidizi wa Mundt, anaumeza. Kisha tunafika mahakamani na kila kitu kinapinduka: Mundt ni mtu wa Waingereza. Mpango wote ulikuwa wa kumwokoa yeye na kummaliza Fiedler, Myahudi, mkomunisti kwa imani, mtu pekee mle aliyemuuliza Leamas swali la heshima: nyinyi mnaamini nini? Leamas hakuwa na jibu. Na wakubwa wake London walimtumia Nan, karani wa maktaba aliyempenda kweli, kuwa shahidi bila yeye kujua.

Ndiyo maana nawasihi muitazame tena. Mara ya kwanza mlidanganywa pamoja naye. Mara ya pili, mkimwona bosi wake akimwomba kwa upole avumilie baridi kidogo zaidi, damu itawachemka.

Kesi ni ndefu, nakubali. Niliona mwanga wa simu safu ya tatu. Na Claire Bloom, aliyecheza Nan, amepewa mistari michache mno kwa mtu ambaye hadithi nzima inamwangukia.

Sasa, yatuhusu nini? Februari 1965 Pio Gama Pinto, mwanasiasa wetu wa mrengo wa kushoto, aliuawa kwa risasi Westlands, ndani ya gari lake, nje ya nyumba yake. Mwaka uleule serikali ikatoa Waraka Nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, huku mabalozi wa Washington na Moscow wakihesabu nani yuko upande wa nani. Vijana wetu walikuwa wakipanda ndege kwenda kusoma, wengine Marekani, wengine Urusi na Ujerumani Mashariki. Na wazee mlioko hapa mnakumbuka miaka ya themanini, jinsi mtu alivyochunguza nani ameketi nyuma yake kwenye matatu kabla ya kutaja jina la mkubwa. Mtu aliyepitia hayo hahitaji kuelezwa ni nini kuwa Nan.

Wapo wanaosema hii ni filamu ya kukata tamaa. Mimi nakataa. Ulevi, ngumi, jela, usaliti, hata kutoroka kwenye gari alilopewa na Mundt, vyote vilipangwa na watu wengine. Nan anapopigwa risasi ukutani kwa sababu anajua siri, wakubwa wa pande zote mbili wameridhika, na Leamas anatakiwa tu aruke, arudi ofisini, apewe kazi nyingine. Kushuka kwake ni jambo la kwanza katika filamu nzima ambalo hakuna aliyemwagiza.

Mzee pale nyuma amekuwa akitikisa kichwa tangu nitaje mahakama. Naona hakubaliani nami kuhusu Fiedler. Mpeni maikrofoni tumsikie.