Msiwaite Magarasa: Wachezaji wa Hoki Waliozidiwa na Ligi Kubwa

Wadau wangu, habari za huko nyumbani? Hapa ni Edmonton, Alberta, Kanada. Leo nataka tuongee hoki ya barafuni, na hasa wale wachezaji ambao ukitaja majina yao huku watu wanacheka. Mimi hicho kicheko kinaniuma, na nitawaambia kwa nini.

Kwa wale ambao hamjawahi kuuona mchezo huu: hakuna mpira, kuna kisahani kigumu cha raba nyeusi, na watu wanateleza kwa kasi ambayo televisheni haiwezi kukuonyesha. Walioko Nairobi mnaukumbuka uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, Mombasa Road, pale Kenya Ice Lions walipojifunzia. Basi mnajua kwamba hata kusimama tu juu ya barafu ni kazi. Ligi kubwa kuliko zote, NHL, ina timu 32, na kila kikosi kina wachezaji 23. Piga hesabu, hawafiki 740 dunia nzima. Yule wa mwisho kabisa humo ndani, yule mnayemwona kazidiwa, kawaacha nyuma vijana wasiohesabika wa Kanada, Urusi, Sweden na Finland walioanza kuteleza wakiwa wadogo kabisa.

Sasa, vijana wanaingiaje? Kuna kitu kinaitwa drafti. Timu zinachagua vijana kwa zamu, na zile zilizoshika mkia ndizo zinazopewa nafasi za mbele. Tatizo linaanzia hapo hapo. Timu imeshika mkia kwa sababu haina mabeki, haina kipa wa maana, uongozi umevurugika. Halafu inamchukua mtoto wa miaka 18 na kumwambia atuokoe.

Hapa Edmonton tulimpata Nail Yakupov, kijana wa Nizhnekamsk, Urusi, namba moja ya drafti ya 2012. Tarehe 24 Januari 2013 Oilers, timu yetu ya hapa Edmonton, wako nyuma kwa bao moja dhidi ya Los Angeles Kings, zimebaki sekunde 4.7, Yakupov anasawazisha. Kijana akakimbia, akapiga magoti, akateleza karibu uwanja mzima akishangilia kama mfungaji wa bao la fainali. Uwanja ulipagawa. Wazee wa hoki wakanuna, eti anajionyesha. Msimu ule, uliokuwa mfupi, alifunga mabao 17. Ungedhani hapo mtu anajengwa, sivyo? Kocha akafukuzwa. Akaja Dallas Eakins, akamweka nje ya kikosi mapema tu msimu uliofuata, na mwaka ukaisha vibaya sana kwake na kwa timu nzima. Eakins naye akafukuzwa Desemba 2014. Kila kocha na mfumo wake, kila mmoja anamwambia kijana asahau alichofundishwa jana. Oktoba 2016 akauzwa St. Louis, baadaye akapita Colorado, kisha akarudi kucheza Urusi. Kazini kwangu wapo watu ambao mpaka leo wakisikia jina lake wanatikisa kichwa. Mimi nauliza, wale waliombadilishia makocha kila kukicha mbona hawatajwi?

Halafu kuna Patrik Stefan, raia wa Czech, namba moja ya 1999. Huyu ndiye anayenigusa kuliko wote. Alichukuliwa na Atlanta Thrashers, timu iliyokuwa inaanza msimu wake wa kwanza kabisa, ambao ilishinda mechi 14 tu. Namba mbili na namba tatu walikuwa mapacha wa Sweden, Daniel na Henrik Sedin, waliokuja kuwa magwiji pale Vancouver. Kwa hiyo kila bao la mapacha lilikuwa fimbo mgongoni kwa Stefan. Na mwili wake ulikuwa umeshaanza kumwangusha. Aliumia kichwa kabla hata ya drafti, na baadaye nyonga zikamsumbua mpaka akastaafu mapema.

Lakini watu wanakumbuka usiku mmoja tu. Tarehe 4 Januari 2007, hapa hapa Edmonton, yeye akiwa na Dallas Stars. Dallas wanaongoza 5-4 na mechi inakwisha. Oilers wamemtoa kipa ili waongeze mshambuliaji, hiyo inaruhusiwa, kwa hiyo goli liko tupu. Stefan anakinasa kisahani, yuko peke yake, hakuna mtu mbele. Anasogea mpaka karibu kabisa na goli. Kisahani kinaruka juu ya gongo lake la kuchezea. Anaanguka. Oilers wanakiokota, wanapandisha haraka upande wa pili, na Ales Hemsky anasawazisha zikiwa zimebaki sekunde mbili. Dallas wakashinda kwa penalti, lakini nani anakumbuka hilo? Mtu amecheza mechi 455 za NHL, amefunga mabao 64, na dunia imembakizia klipu ya sekunde chache.

Alexandre Daigle, namba moja ya 1993, nisimchukulie muda mrefu. Ottawa Senators walikuwa wametoka kupoteza mechi 70 kwa msimu, wakampa mkataba wa dola milioni 12.25 kwa miaka mitano kabla hajacheza hata dakika moja. Pesa hizo ziliwatisha wenye ligi hadi mwaka 1995 wakaweka kikomo cha malipo ya wanaoanza. Kijana hakufika walipotaka. Lakini alipokwenda Uswisi, kwa timu ya Davos, alibeba ubingwa mara mbili, 2007 na 2009. Mguu ule ule, gongo lile lile.

Na mwisho John Scott. Jitu la futi sita na inchi nane, mhandisi kwa masomo yake, kazi yake uwanjani ilikuwa kupigana na kuwalinda wenzake. Mabao matano katika mechi 286. Mwaka 2016 mashabiki wakampigia kura kwa utani aende mechi ya nyota wa ligi. Ligi ikamsihi asiende. Scott mwenyewe aliandika kwamba ofisa mmoja alimuuliza kama watoto wake wangejivunia jambo lile. Timu yake ikamuuza, akatupwa ligi ya chini. Akaenda vilevile. Tarehe 31 Januari, Nashville, akafunga mawili, timu ya nyota aliyochezea ikatwaa ushindi, akachaguliwa mchezaji bora, na nyota wenyewe wakambeba mabegani.

Itafuteni video hiyo leo leo. Mkiipata, msiangalie mabao tu, angalieni nyuso za wale nyota waliomzunguka. Wiki ijayo nitawaonyesha bei ya kumnunulia mtoto vifaa vya hoki huku. Salamu kwa wote nyumbani.