Warom na hesabu zao

Hesabuni nami kwa vidole, kwa Kiromani, lugha ya Warom, watu walioenea Ulaya. Jekh, duj, trin, štar, pandž, šov. Aliyekulia jirani na duka la Mhindi ameshazisikia: ek, do, tin, char, panch. Haya, saba, nane na tisa: efta, oxto, enja. Hapo Kihindi kimekatika, hicho ni Kigiriki. Kumi tunarudi India tena: deš, kwa Kihindi das.

Hili nalisema kila ninapoitwa kuwazungumzia Warom, na nitalisema tena, maana bado nasikia wakiitwa wazururaji wasio na kwao. Kwao kupo! Wanako mdomoni. Walitoka kaskazini mwa India yapata miaka elfu moja iliyopita, wakakaa sana na Wagiriki wa Dola ya Bizanti, huko Ugiriki na Uturuki ya leo, ndipo wakasambaa Ulaya. Hata njia wanaiita drom, neno la Kigiriki. Waingereza wakadhani wametoka Misri, ndiko lilikozaliwa jina "Gypsy", kutokana na "Egyptian", yaani Mmisri. Wenyewe husema Rom.

Najua yupo anayesubiri kuniambia kwamba lugha huazimwa, haithibitishi asili. Basi tuangalie hapa kwetu. Sita, saba na tisa tumezipata kwa Waarabu. Zamani ilikuwa tandatu, fungate, kenda. Fungate imebaki kwa maharusi na siku zao saba za ndani. Kenda wazee wanaitamka hadi leo. Je, Kiswahili kimegeuka Kiarabu? Moja, mbili, tatu ni zetu, na pua na sikio ni vyetu. Kwa Kiromani sikio ni kan, pua ni nak, nywele ni bal, maji ni pani. Mwulizeni yeyote ajuaye Kihindi. Namba mtu huzichukua kwa jirani anayeuziana naye, pua haazimi.

Muda umenitupa mkono, na yanayoumiza zaidi ndiyo nitakayoyapitia mbio. Wallachia na Moldavia, ambako sehemu kubwa ni Romania ya leo, Warom walikuwa watumwa wa watawala, wa mabwanyenye na wa nyumba za watawa, tangu karne ya 14 hadi 1855 na 1856. Miaka 17 tu baadaye likafungwa soko la watumwa la Unguja. Kwa nini watoto wetu hawasomeshwi mambo haya mawili pamoja? Hispania ya 1749, Warom walipokamatwa nchi nzima, naiacha.

Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi wa Ujerumani, siwezi kuiacha. Huko Warom walichorwa tatuu mkononi, herufi Z, ya "Zigeuner", jina walilopewa na Wajerumani, pamoja na namba. Watoto wachanga, ambao mikono yao haikutosha, walichorwa pajani. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 waliobaki katika kambi yao, zaidi ya 4,000, wengi wao wanawake, watoto na wazee, waliuawa kwa gesi. Ujerumani Magharibi ilikiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari mwaka 1982. Kijana aliyenusurika akiwa na miaka 20 alikuwa ameshafika 58.