Kisu Hakipati: Mazungumzo juu ya Kunoa Nyumbani

(Mhadhara kwa mama lishe na wapishi vijana, Lindi mjini. Umeandikwa kama ulivyosemwa, pamoja na maswali machache ya mwisho.)

Shikamooni mama zangu, shikamooni baba zangu. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kwa jumla, marahaba, tusije tukamaliza asubuhi kwenye salamu.

Toeni visu. Niliomba kila mtu aje na kisu anachokatia kila siku, si kile kipya kilichofichwa kabatini kikisubiri wageni. Haya. Pitisha kidole gumba taratibu kwenye makali, kwa kukatisha. Kukatisha, mama, si kufuata! Ukifuata tutakukimbiza hospitali ya Sokoine na mazungumzo hayajaanza. (Kicheko.) Ukisikia kama kinataka kung'ang'ania ngozi, kina makali. Kikiteleza kama kijiko, hakina. Nani kisu chake kinapata? Mmoja. Wawili. Yule pale anasitasita, basi wawili na nusu.

Neno hilo, kupata, nalipenda sana. Watu wa pwani kisu kikali tunasema kinapata, na kikiwa butu tunasema hakipati. Ndivyo kilivyo: unakiweka juu ya nyanya kinateleza, unakikandamiza kinateleza tena, mwisho kinapata kidole chako. Nimepika kwenye mabweni ya shule na kwenye hoteli mpaka mgongo ukakataa, na vidonda vibaya nilivyowafunga wenzangu vilitokana na visu butu. Kikali kikikugusa unashtuka mapema, unauondoa mkono. Butu umekiegemea kwa uzito wako wote, kikiteleza kinaondoka na uzito huo huo. Hata kitunguu kinakuliza zaidi, maana kisu butu hakikati, kinaponda, na ule ukali wa kitunguu unatoka kwenye sehemu iliyopondwa.

Najua mnachowaza. Sisi wengi hatuna ubao. Kitunguu tunakatia mkononi, muhogo tunamenyea mkononi, kisu kinakuja kuelekea kidole gumba. Kwa hiyo bibi anamwambia mjukuu, kisu hicho usikinoe sana, kitakukata. Mama zangu, nunueni ubao kabla ya kununua kinoleo. Ubao wa mti, hata kipande cha mwembe alichokipiga randa seremala wa jirani. Anayekatia juu ya sahani au juu ya sufuria ya bati asije kwangu kulalamika kwamba kisu hakikai na makali.

Sasa tuingie kwenye chuma chenyewe. Kisu kina mabapa mawili, huku na huku, na mahali yanapokutana ndipo penye makali. Makali hayo hufa vifo viwili. Cha kwanza, yanajikunja. Ule ukingo ni mwembamba mno, ukigonga mfupa wa nguru unalala upande mmoja. Chuma bado kipo, ila kimelala. Cha pili, yanalika. Chuma kimekwisha, ukingo umekuwa duara. Wengi hatutofautishi vifo hivi, ndiyo maana tunanunua kifaa kisichohusika na ugonjwa.

Makali yaliyolala dawa yake ni ile fimbo ya chuma ambayo wauza nyama hupitishia kisu kabla ya kukata. Fimbo hiyo hainoi, inasimamisha. Ncha yake iegemeze kwenye kitambaa juu ya meza, isimame wima, kisha shusha kisu juu yake mara tano huku, mara tano huku, kwa mkono mwepesi. Mnaona mabucha wanavyorusha kisu hewani kama wanacheza sindimba? Hiyo ni biashara, wanavutia wateja. Ninyi fanyeni polepole. Na mwenye kisu cha Kijapani, kile cha chuma kigumu sana, asikipeleke kwenye fimbo yenye mistari, kitabanduka vipande vidogo vidogo.

Makali yaliyolika yanataka kunolewa hasa, yaani kuondoa chuma mpaka mabapa mawili yakutane upya. Hapa ndipo vinoleo vinapokuja, na hapa ndipo nilipoliwa hela.

Nilinunua kile cha mashimo. Mnakijua: kipini juu, chini mashimo mawili au matatu, unaingiza kisu na kuvuta. Muuzaji alikata karatasi mbele yangu, sss, nikatoa pesa. Nyumbani nilikuwa na kisu kizuri cha Solingen, Ujerumani, nilichoachiwa na mpishi mmoja mzee. Nikakivuta asubuhi, nikakivuta jioni, kilikuwa kinapata ajabu. Baada ya miezi kadhaa nikaona karibu na mpini pamebaki kijipembe kilichotokeza, kwa sababu shimo halifiki pale, na katikati kisu kimebonyea kama mwezi. Kikiwekwa juu ya ubao, mwanga unapita chini yake. Muuzaji sikumrudia, maana kosa nilikuwa nalo mimi: sikujua ninacholipa.

Hili ndilo ninalotaka mlielewe leo. Jambo gumu katika kunoa ni pembe. Kukiinamisha kisu kwa kiasi kile kile, mwanzo hadi mwisho, kila mara. Kinoleo cha mashimo kinakuazima pembe hiyo, na kinakutoza riba, na riba yake ni chuma cha kisu chako. Ndani ya shimo la kwanza mara nyingi kuna vipande viwili vya tangisteni kabaidi vilivyopishana kama herufi V. Hivyo ni vigumu kuliko chuma chochote cha jikoni, vinakwangua. Jiwe nalo linaondoa chuma, lakini kiasi unakiamua wewe, na pembe inabidi uilete mwenyewe.

Kwa hiyo ukiniuliza ninunue kipi, nitakuuliza kisu chako ni kipi. Kama ni vile vyembamba vya mpini wa plastiki, tunavyonunua kwa machinga, (na msisahau jina machinga huko Dar wamelichukua kwetu Lindi), basi kinoleo cha mashimo kinafaa kabisa. Chuma chake ni laini, kinanoleka upesi, kinakufa upesi, na kikiisha hulii. Lakini chagua. Kigeuze uone chini: kina mpira wa kushika meza? Kisicho na mpira kinatambaa, na mkono wako wa kushoto uko pale pale. Vile vidogo vya kushika kiganjani, vidole vikiwa karibu na njia ya kisu, mimi sivitaki nyumbani kwangu. Uliza shimo la mwisho lina nini. Likiwa na kauri, vile vijiti vyeupe, ni zuri, hilo linalainisha tu. La kabaidi tumia mara chache kisu kinapokuwa butu kabisa, la kauri ndilo la kila wiki. Vuta upande mmoja tu, kutoka mpinini kwenda nchani, mara tatu au nne. Usirudishe nyuma kama unayekata mbao kwa msumeno. Usikandamize, uzito wa kisu unatosha. Halafu osha kisu, kwa sababu kuna unga wa chuma pale, na unga huo hatuutaki kwenye kachumbari.

Kama una kisu unachokithamini, nunua jiwe. Kinoo. Nyumbani mwa bibi yangu ng'ambo ya Kitunda kilikuwepo kimoja, kimeliwa katikati kama mtumbwi. Siku hizi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi yapo mawe ya pande mbili, upande mkwaruzo na upande laini. Namba zikiandikwa, kumbukeni zinakwenda kinyume na mnavyodhani: namba kubwa ndiyo laini. Mia mbili hadi mia nne ni la kuondoa mapengo. Elfu moja ndilo la jikoni. Elfu tatu na kuendelea ni la kung'arisha, na kwa kukata kisamvu na nguru, jamani, si lazima.

Jiwe la maji lilowekeni mpaka liache kutoa mapovu, kama dakika 10. Waliozoea kutia mafuta ya nazi juu ya jiwe waache, yanaganda na kuziba vinyweleo vya jiwe, na jiwe likishanyweshwa mafuta halirudi kwenye maji. Liweke juu ya kitambaa kilicholowa ili lisitembee.

Pembe sasa. Chukua karatasi, kona yake ni nyuzi 90. Ikunje kona hiyo mara moja, 45. Ikunje tena, 22 na nusu. Kikabari hicho kiweke juu ya jiwe, lalisha kisu juu yake, ndiyo pembe yako. Au kwa macho: kisu chenye upana wa sentimita 4, mgongo uinuke kama sentimita moja na nusu, unene wa kidole changu kidogo. Visu vya Kijapani vinataka kulala zaidi, nyuzi 15 hivi. Na ukipotea, paka makali wino wa maka peni, sugua mara mbili, utazame. Wino ukitoka juu na kubaki kwenye ukingo, umelalisha mno. Ukitoka ukingoni pekee, umesimamisha mno.

Mkono mmoja kwenye mpini, vidole viwili vya mkono wa pili juu ya bapa, unasukuma kutoka mpinini hadi nchani. Mara ngapi? Watu hupenda kuniuliza hilo, na wapo wanaohesabu ishirini huku, ishirini huku, kama tasbihi. Msihesabu. Noa upande mmoja mpaka upande wa pili, ule usionolewa, uote kitu. Ukipapasa kutoka mgongoni kuja makalini, utasikia kitu kinakwama kidogo kwenye ngozi. Mimi nakiita unywele. Ni chuma kilichosukumwa kikavuka ukingo. Unywele ukisikika kutoka mpinini hadi nchani bila kukatika, upande huo umekwisha, geuza. Usiposikika, hata ungesugua mara mia mbili, hujafika. Nikisema nilipika miaka mingi bila kulijua hili, ni kweli. Nilikuwa nasugua na kuchoka na kulilaumu jiwe.

Ukiupata pande zote mbili, hamia upande laini wa jiwe, punguza nguvu, kisha punguza tena, ukibadilisha huku mara moja, huku mara moja, mpaka unywele uanguke. Usipouondoa, kisu kitapata sana leo, na kesho kutwa umelala na makali yake. Anayejua haya vizuri ni mchongaji wa Kimakonde. Mpingo ni mti mzito hata majini unazama, haukubali patasi butu. Mkae karibu naye nusu saa, mtaona muda anaotumia kwenye jiwe.

Lingine dogo kuhusu jiwe: likibonyea katikati, bandika msasa wa maji juu ya kioo, ulisugulie hapo hadi lilingane. Msasa, kwa njia, ni mti, majani yake yanakwaruza, maseremala wa zamani walilainishia mbao. Karatasi ya dukani imerithi jina tu.

Ngazi ya saruji ya mlangoni, hapana. Mchanga uliomo ni mgumu kuliko kisu, ndiyo, unanoa, lakini punje moja kubwa na nyingine ndogo, na makali yanatoka kama meno ya papa. Fundi wa baiskeli anayekanyaga pedeli simchukii, akienda polepole na mwenye maji. Wa grenda ya umeme ndiye ninayemwogopa. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu makalini, joto limekwishaua ugumu wake pale, na hakuna kinoleo kitakachourudisha isipokuwa kula chuma hicho chote.

Maswali. Ndiyo, mama.

– Mwalimu, na panga?

Panga ni tupa. Libane lisicheze, sukuma tupa mbele tu, ukirudi inyanyue, kwa sababu meno yake yanakula kwenda, hayali kurudi. Pembe yake iwe nene zaidi, linakata mti, halikati nyanya.

– Kisu cha mkate, cha meno?

Kwenye mashimo usikiingize, utayasaga meno yote. Kijiti chembamba cha kauri, jino moja moja, upande wenye mikato tu. Kazi ya siku ya mvua.

– Kama sina hela ya jiwe wala ya mashimo?

Geuza kikombe cha kauri, chini kina duara lisilo na rangi, lina mkwaruzo. Hilo ni kinoo laini. Nimelitumia safarini. Halitafufua kisu kilichokufa, lakini litakuvusha hadi jioni.

– Kisu changu kinashika kutu hata nikikinoa.

Hiyo ni bahari, mwanangu, na limau. Kioshe ukimaliza, kifute, usikiache kwenye karai. Hata stenlesi hapa Lindi ikiachwa na chumvi inapata madoa.

Haya, mawe mawili yapo mezani na maji yapo kwenye ndoo. Aje kwanza bibi yule wa mbele, mwenye kisu alichokifunga gazetini. Bibi, usikifungue mapajani. Kilete hapa mezani.