Siku 90 za Ulaya: Kusoma Visa, Kuhesabu na Kuomba Nyongeza

(Mhadhara kwa wazazi wanaojiandaa kwenda kuwatembelea watoto wao Ulaya)

Shikamooni wazazi wangu. Na ninyi wa rika langu, habari za mchana. Nashukuru mmefika kwa wingi, na nashukuru zaidi kwamba mliokwisha pata visa mmekuja na pasipoti zenu.

Leo nazungumzia jambo moja: ukishapata visa ya matembezi ya Ulaya, unaruhusiwa kukaa siku ngapi, na zikikutosha au zisipokutosha ufanye nini. Habari ya kujaza fomu, kupanga taarifa za benki na kwenda kutoa alama za vidole, hiyo mmeshaisikia mara nyingi, na vijana wenu wanaijua kuliko mimi. Kinachowaponza watu wetu kiko mbele zaidi. Ni mama yuko Stuttgart, Ujerumani, kwa binti yake, mjukuu anaumwa, tarehe ya kurudi imekaribia, na hapo nyumbani hakuna anayejua kwa hakika siku za mama zinaisha lini. Wanaulizana jikoni, mmoja anasema hivi, mwingine vile, na mwishowe mama anabaki. Nia yake ni njema kabisa. Lakini akija kuomba visa tena, anakutana na rekodi iliyoharibika.

Kwanza mjue mnakwenda kwenye eneo gani. Linaitwa eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao. Mwaka 1985, tarehe 14 Juni, nchi 5 zilitia saini mkataba katika kijiji cha Schengen, nchini Luxembourg, kando ya mto Moselle: Ubelgiji, Ufaransa, Luxembourg, Uholanzi na Ujerumani Magharibi ya wakati ule. Leo zimefika 29. Bulgaria na Romania ndizo za mwisho kuingia kikamilifu, tarehe 1 Januari 2025. Uswisi na Norwei zimo ingawa si wanachama wa Umoja wa Ulaya. Ayalandi na Saiprasi hazimo ingawa ni wanachama. Uingereza haimo kabisa, ina visa yake na sheria zake.

Kwa hesabu ya siku, nchi hizo 29 ni nchi moja. Hili nalisema taratibu kwa sababu wengi wanadhani kila nchi ina siku zake 90. Sivyo. Ukikaa siku 40 Ujerumani kwa mwanao wa kwanza, siku 30 Italia kwa wa pili, na siku 20 Uholanzi kwa mpwa wako, umemaliza 90. Huna hata moja iliyobaki ya kwenda Ufaransa.

Sasa fungueni pasipoti, ukurasa wenye stika ya visa. Tazameni mistari ya juu. Kuna tarehe ya kuanzia na tarehe ya kuishia. Chini yake kuna idadi ya mara za kuingia: imeandikwa 01, au 02, au MULT, yaani mara nyingi. Karibu na hapo kuna muda wa kukaa, nao umeandikwa kwa siku. Namba hiyo ya siku ndiyo ninayowaomba muizungushie duara akilini. Inawahusu kuliko tarehe zote mbili.

Chukulieni stika inayosema kuanzia 1 Juni 2026 hadi 15 Julai 2026, mara ya kuingia 01, muda wa kukaa siku 30. Mtu akisoma haraka anaona "hadi 15 Julai", anampigia mwanawe simu anamwambia nitakuwa nanyi hadi katikati ya Julai. Kumbe ukiingia tarehe 1 Juni, siku yako ya mwisho ni 30 Juni. Zile siku 15 zilizozidi huwekwa kwa makusudi, na zimo kwenye kanuni zao za visa: ni nafasi ya kuahirisha safari kidogo endapo ndege imebadilika au hukuwa tayari. Zinakuruhusu kusogeza siku zako 30 mbele, hazikuongezei hata moja. Ukiingia tarehe 10 Juni, unatoka tarehe 9 Julai. Na jueni kwamba siku ya kuingia inahesabiwa, na siku ya kutoka inahesabiwa pia, hata kama ndege imetua saa tano usiku.

Ni vivyo hivyo kwa waliobahatika kupewa visa ya mwaka mmoja, miaka 2 au miaka 5. Mzee mwenye visa ya miaka 5 hajapewa miaka 5 ya kukaa. Amepewa miaka 5 ya kuingia na kutoka, na ndani yake kanuni ya siku 90, nitakayoieleza sasa hivi, inamfuata kila anapokwenda. Hata Uingereza wanaotoa visa ya mgeni ya miaka 10 humpa mtu kwa kawaida miezi 6 kwa kila safari, basi.

Tuingie kwenye kanuni yenyewe. Wanasema siku 90 ndani ya kipindi chochote cha siku 180. Neno zito hapo ni "chochote". Kila siku unayoamka ukiwa huko, hesabu siku 180 kurudi nyuma, ukianza na siku hiyo hiyo. Katika hizo 180, siku ulizokuwa ndani ya eneo la Schengen zisizidi 90. Kesho yake dirisha hilo la siku 180 linasogea siku moja mbele, siku moja ya zamani inadondoka, siku moja mpya inaingia. Wazee waliosafiri zamani wanakumbuka hesabu nyingine, ya miezi 3 ndani ya miezi 6 tangu ulipoingia mara ya kwanza. Hiyo iliondolewa tarehe 18 Oktoba 2013. Kwa hiyo mtu akikushauri kwa kumbukumbu za safari ya mwaka 2010, mshukuru, halafu hesabu mwenyewe.

Nitawapa mfano, andikeni. Baba ana visa ya kuingia mara nyingi yenye siku 90. Amekwenda tarehe 10 Januari 2026, akarudi 8 Februari. Hizo ni siku 30. Sasa mwanawe anafunga ndoa, anataka kurudi kukaa muda mrefu kadiri inavyoruhusiwa. Akiingia tarehe 1 Mei, zile siku 30 za mwanzo wa mwaka bado ziko ndani ya dirisha. Anazo 60 tu, atatoka 29 Juni. Akisubiri mwezi mmoja, akaingia tarehe 1 Juni, mambo yanabadilika. Kuanzia tarehe 9 Julai zile siku za Januari zinaanza kudondoka moja moja, kila siku moja anayoongeza inafidiwa na moja iliyotoka, na anaweza kukaa siku 90 kamili, hadi 29 Agosti. Mwezi mmoja wa kusubiri umempa mwezi mmoja zaidi na familia yake. Hakuna aliyemwongezea, ni kalenda tu. Ndiyo maana nasema hesabu hii ifanyike kabla ya kununua tiketi. Tume ya Ulaya imeweka kikokotoo chake kwenye tovuti, ni bure, unajaza tarehe zako kinakupa jibu. Mwambieni kijana awafanyie, kisha muipitie pamoja kwa karatasi na kalenda.

Tahadhari moja hapa. Wapo wanaofikiri wakivuka kwenda London wiki mbili hesabu ya siku inasimama, wanarudi Paris kuendelea na siku zilizobaki. Siku za London kweli hazihesabiwi. Lakini kama stika yako inasema 01, ukishatoka umetoka. Visa imekwisha hata kama umebakiwa na siku 40.

Zamani kulikuwa na mihuri, afisa anapekua kurasa akijumlisha kichwani, na wengine walipenya kwa sababu muhuri ulififia. Hilo linaisha. Tarehe 12 Oktoba 2025 Ulaya ilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kusajili kuingia na kutoka, na ulipangwa kukamilika mipakani kote ifikapo 10 Aprili 2026. Unapigwa picha ya uso, na kwa kuwa sisi tunaokwenda kwa visa alama zetu za vidole zilishachukuliwa wakati wa maombi, wanalinganisha na zile. Kompyuta inahesabu siku yenyewe, na nchi zote zinaiona. Kwa mtu aliyefuata sheria, mimi naona mfumo huu ni heri kuliko kubishana juu ya muhuri uliofifia. Kwa aliyepitiliza hata siku 2, hakuna tena pa kupotelea.

Na hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana ndiyo sababu hasa ya kuomba nizungumze nanyi.

Sheria yenyewe ina mlango wa kuongezewa siku. Umo katika kanuni za visa za Schengen, kifungu cha 33. Kama kuna jambo lililo nje ya uwezo wako linalokuzuia kuondoka, mfano uwanja wa ndege umefungwa au shirika limefuta safari, au kuna sababu ya kibinadamu, mfano umeugua ghafla huwezi kusafiri, au ndugu wa karibu ameugua sana au amefariki, visa yako inaongezwa wakiridhika na ushahidi wako, na huongezwa bila malipo. Kama ni sababu nzito ya binafsi ambayo haifiki kiwango hicho, wanaweza kukuongezea kwa ada ya yuro 30. Ombi linapelekwa kwa mamlaka ya nchi uliyopo wakati huo. Ujerumani ni ofisi ya wageni ya mji mnaokaa, Ufaransa ni ofisi ya serikali ya mkoa. Wala si ubalozi uliokupa visa Dar es Salaam au Nairobi.

Sharti kubwa ni moja: nenda kabla siku hazijaisha. Mama wa Stuttgart angekwenda na barua ya daktari inayotaja nani anaumwa, anaumwa tangu lini na matibabu yanatarajiwa kuchukua muda gani, akabeba pasipoti, tiketi ya kurudi inayoweza kubadilishwa, na bima iliyorefushwa kufunika siku anazoomba, angesikilizwa. Hawalazimiki kukubali wasiporidhika na ushahidi, na kutaka tu kuendelea kukaa kwa sababu familia ina furaha si sababu wanayoitambua. Lakini hata wakikataa, umeondoka ukiwa msafi.

Watu wetu hawaendi. Najua kwa nini. Tumezoea kuziogopa ofisi, tunaona ukijitokeza ndipo utaonekana, bora ukae kimya. Kule kukaa kimya ndiko kunakoumiza. Aliyepitiliza anaweza kutozwa faini, na anaweza kupigwa marufuku ya kuingia ambayo kwa kawaida haizidi miaka 5, ikawekwa kwenye mfumo unaosomwa na nchi zote. Miaka 5 kwa mtu wa miaka 70 si jambo dogo. Mjukuu uliyemwacha anatambaa unamkuta anasoma shuleni. Vijana mnaowaalika wazazi, naomba mlichukue hili kama wajibu wenu. Mzazi hajui lugha ya pale, hajui ofisi iko wapi. Mpeleke wewe, na upange miadi mapema, maana katika miji mikubwa miadi huchukua muda kupatikana.

Nimetaja bima, niseme neno. Masharti yanataka bima ya safari ya angalau yuro 30,000, inayofunika siku zote za safari. Mwenye visa ya kuingia mara nyingi huonyesha bima ya safari ya kwanza tu wakati wa kuomba, halafu safari ya pili na ya tatu anasahau kukata nyingine. Anatakiwa kuwa nayo kila mara. Na wenye presha na sukari, someni maandishi madogo: bima nyingi za bei nafuu hazigharimii ugonjwa uliokuwa nao tangu nyumbani.

Wanaotaka kukaa zaidi ya siku 90 kwa mpango, si kwa dharura, njia yao ni nyingine. Ni visa ya muda mrefu, inayotolewa na nchi moja moja kwa sheria yake, nayo kwa kawaida unaiomba ukiwa huku nyumbani. Usiende na visa ya matembezi ukitumaini kuigeuza kule. Ufaransa, kwa mfano, ina visa ya muda mrefu ya mgeni, hadi mwaka mmoja, kwa mtu anayeonyesha kwamba anajimudu kwa fedha na bima na hatafanya kazi yoyote. Ujerumani ni ngumu zaidi kwa wazazi. Mwenye nia hii aanze miezi mingi kabla.

Kuna swali limeletwa kwa karatasi: mtu alirudi ndani ya siku zake, lakini kumbukumbu zao hazionyeshi kwamba alitoka. Inatokea, na sheria ya mipaka yao inamruhusu kuleta ushahidi kwamba hakuwepo. Kwa hiyo msitupe vipande vya kupandia ndege, na mkifika KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, au Dar es Salaam hakikisheni mmegongewa muhuri wa kuingia nchini. Vipigeni picha vyote siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi ile ya ndege hufutika maandishi, kisha mwanao aliyeko kule naye abaki na nakala.