Vuk Jeremić na Kura za Wengi

Mabibi na mabwana, leo nawaletea kazi ya Vuk Jeremić wa Serbia, kwa sababu ukiifuata hatua kwa hatua unaona nchi isiyo na nguvu za kijeshi inaweza kufika wapi ndani ya Umoja wa Mataifa, na ni wapi hukwama.

Alizaliwa Belgrade mwaka 1975, akasomea fizikia Cambridge, kisha utawala wa umma Harvard. Mwaka 2007 akawa waziri wa mambo ya nje akiwa na miaka 31. Kabla hajatimiza mwaka, Kosovo, jimbo la Serbia lenye Waalbania wengi, ikajitangazia uhuru, na Marekani, Uingereza na Ufaransa zikaitambua haraka.

Serbia ingefanya nini? Vita haikuviweza, mabomu ambayo NATO, muungano wa kijeshi wa Magharibi, iliiangushia mwaka 1999 yalikuwa bado kumbukumbu mbichi. Nao Waalbania wa Kosovo walikuwa na majeraha yao, tena makubwa, na hilo tusilifiche. Jeremić akachagua njia ya sheria. Akabisha hodi Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, akiamsha urafiki wa Nchi Zisizofungamana na upande wowote, ambazo wakuu wake walikutana mara ya kwanza Belgrade mwaka 1961. Ombi lake: Baraza Kuu liiulize Mahakama ya Kimataifa ya Haki kama tangazo lile liliafiki sheria. Oktoba 2008 kura zikawa 77 za ndiyo, 6 za hapana, na nchi 74 zikajizuia. Ziangalieni hizo 74: Uingereza na Ufaransa zimo humo.

Julai 2010 majaji 10 dhidi ya 4 wakasema tangazo halikuvunja sheria ya kimataifa. Kwa maoni yangu, kosa lilikuwa kwenye swali. Liliuliza kuhusu tangazo tu, si kuhusu haki ya kujitenga, na Mahakama ikajibu lililoulizwa.

Wale marafiki hawakupotea, hata hivyo. Mwaka 2012, kwa kura 99 dhidi ya 85 za mgombea wa Lithuania, wakamfanya Rais wa Baraza Kuu. Chini ya urais wake Palestina ilipata hadhi ya dola mwangalizi, kwa kura 138, na mkataba wa biashara ya silaha ukapitishwa.

Alikalia kiti hicho akiwa na miaka 37, umri uleule wa Salim Ahmed Salim wetu alipokikalia mwaka 1979. Salim aligombea ukatibu mkuu mwaka 1981, akaongoza duru ya kwanza kwa kura 11, turufu ya Marekani, yaani kura ya kuzuia, ikamkwamisha. Jeremić naye aligombea mwaka 2016, akashindwa na António Guterres. Katibu Mkuu huchujwa kwanza na Baraza la Usalama lenye nchi 15, na 5 kati yake zina turufu. Wengi wa waliompa Jeremić zile kura 99 hawakuwa na kiti humo.