Miaka 12 mnadhani watengenezaji wa Scribus walikuwa wamelala?

Haya tukae jamani. Najua wengine hili mshanisikia nikilisema na leo nalisema tena, mtanivumilia. Kila nikitaja Scribus, ile programu ya bure ya kupangia kurasa za vitabu na majarida, lazima mtu aulize mbona haisogei, toleo la 1.4 limetoka 2012 halafu 1.6 ndo mpaka Januari 2024. Zile 1.4.1 mpaka 1.4.8 zilizotoka hapo katikati hamzihesabu, sawa, tuseme 12.

Muda wenyewe ulienda wapi? Chukua herufi moja tu ya Kiarabu, ain. Ikisimama peke yake ina sura yake, mwanzoni mwa neno sura nyingine, katikati nyingine, mwishoni nyingine, halafu mstari wenyewe unatokea kulia. Mtambo wa zamani wa Scribus ulikuwa unapanga herufi moja moja na hauangalii jirani yake nani, unaandika neno zima linatoka limekatika vipandevipande. Kihindi nako kuna irabu inatamkwa baada ya konsonanti ila kwenye karatasi inakaa mbele yake, haya kaielezee kompyuta hiyo! Hapo hakuna kiraka. Ikabidi sehemu yote ya kupanga maandishi iandikwe upya, timu ya Oman ikaleta kazi kubwa, ikaungwa na HarfBuzz, programu inayochagua sura sahihi ya kila herufi, ikaingia toleo la majaribio la 1.5.3 mwaka 2017. Na ukigusa hapo umegusa kila kitu, pa kukata mstari, nafasi za herufi, maandishi yanayotoka fremu hii, yaani boksi la maandishi, kwenda ile. Una kitabu cha kurasa 200 ulichokipanga kwa 1.4, ukikifungua kwenye 1.6 mstari mmoja tu ukaruka, sura nzima ya kitabu imesukumwa. Na ukishasevu kwenye 1.6, ile 1.4 hailifungui tena hilo faili, tunzeni kopi, nimesema mpaka nimechoka.

Mtaniambia programu za kulipia zinatoa toleo kila mwaka. Ndiyo, kuna watu wanalipwa mshahara kwa kazi hiyo, hawa wa Scribus ni wa kujitolea na wako wachache kweli. Halafu wewe uliyepewa bure unaandika "inakrashi" unaondoka zako. Inakrashi ukibonyeza nini? Toleo lipi? Faili liko wapi? Lile faili la Scribus, .sla, ni XML tupu, yaani maandishi ya kawaida yenye alama, unalifungua kwa kihariri chochote cha maandishi na unalisoma, punguza kurasa moja moja mpaka ubaki na ile inayosumbua, tuma hiyo. Dakika chache tu, ila ndo hamtaki.

Naona naoneshwa saa. Nilitaka niongelee PDF/X-4, ile PDF ya kupeleka kiwandani kuchapa, na rangi za CMYK za wino wa kuchapia, na skripti za Python, basi tena. Kuhusu 1.7, imehamia Qt6, yaani toleo jipya la vifaa inavyojengewa, ni ya majaribio, ichezeeni ila kazi ya mteja msiweke humo.

Maswali. Anayetaka kuuliza 2.0 inatoka lini atoke nje kwanza.